Kanga ya Profesa

Wifi Zuhura,

Salamu kutoka London, mvua haina haya. Ile doti ya kanga uliyonipa, kipande kimoja nimemzawadia profesa aliyenialika. Kakitundika ukutani maabara, juu chini! Na kazi ya mzee huyu maisha yake yote ni fuwele ambazo ukizigeuza si zile zile tena. Zikipozwa mno, umeme hupita ndani yake bila kizuizi, kwa namna ambayo hata wataalamu wenyewe bado inawatatiza.

Jana nikaiweka fuwele moja kichwa chini kwenye mtambo wa kupozea. Akanifokea mbele ya watu: "Juu ni juu, chini ni chini! Huna macho?" Nami naitazama kanga nyuma yake, nauma midomo nisicheke, maana akinifukuza sina pengine pa kupimia fuwele zangu.

Hasira zilipomtoka akaniuliza, "Haya maandishi yanasemaje?"

Nikamdanganya: "Karibu mgeni wetu."

Kumbe imeandikwa NYANI HAONI KUNDULE, wifi! Uliisoma dukani, au ulipenda rangi tu?

Nisalimie mumeo, nakupenda na uchokozi wako. Kipande cha pili nakivaa chumbani, jina limekaa pale pale linapostahili.

Wifi yako, Asha