Jua la baba mkwe

Recho, Castory amelia. Mume wangu, mbele ya mafundi.

Si unajua tulikuja Murungu kupiga plasta nyumba ya mama yake? Mama katoka shamba, kauona ukuta, kauliza tu: "Castory, jua la baba yako liko wapi?"

Jua, Recho.

Yale maduara matatu ya mkaa ukutani. Marehemu aliyachora akimweleza mama kupatwa kwa jua. Wakati wa Bunge la Katiba akawaonyesha majirani hayohayo: serikali tatu.

Castory alidhani watoto walichafua, akayafunika kwa plasta.

Sasa kashika mkaa ayachore upya, anauliza mwezi ulikaa wapi. Mama kamjibu polepole: "Sijui, mwanangu. Mimi nilikuwa namtazama baba yako."