Sahihi Arobaini

Jumapili, mwishoni mwa Oktoba. Joto kavu la kabla ya mvua. Milima ya Matogoro imefichwa na moshi wa watu wanaochoma mashamba, na kila nguo niliyovaa inanuka moshi huo.

Nina kinyaa tangu Ijumaa jioni. Hakikuondoka kwa chai, hakikuondoka kwa misa.

Naandika kwenye kompyuta ya kukodi hapa mjini. Kijana wa kompyuta ya pili anacheza karata na mashine, na mashine inamshinda. Gazetini sijapeleka kitu. Huko kuna mhariri ambaye angeniuliza chanzo changu ni nani, naye angekuwa na haki ya kuuliza.

Chanzo ni mimi.

Mjukuu wangu Fotunata yuko darasa la tatu katika shule moja ya serikali upande wetu wa Lizaboni. Ana miaka tisa. Mama yake anafanya kazi Mbeya, kwa hiyo mtoto analelewa na mimi na bibi yake. Ijumaa alirudi amekumbatia daftari lake la kazi za nyumbani. Lilikuwa jambo geni, maana mwaka mzima daftari hizo zimekuwa zikikaa kwenye kabati la mwalimu, eti zisichakae. Alikuwa pia na karatasi kadhaa alizonakili ubaoni, zimejaa maswali na majibu yake. Hakutaka hata kula. Alikaa mezani akaanza kuandika.

Nilimuuliza ni kazi ya lini.

"Ya Februari, Babu."

Nilidhani anatania. Nikalivuta daftari.

Lina kurasa arobaini, ukurasa mmoja kwa kazi za wiki moja. Juu ya kila ukurasa kuna tarehe, kuanzia Januari hadi wiki iliyopita, kwa mwandiko wa mwalimu. Pembeni kuna alama za wino mwekundu, vema nyingi na kosa moja moja, na chini yake neno "Vizuri". Mwisho wa ukurasa kuna sahihi ya mzazi. Katikati hakuna kitu. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kazi.

Wakaguzi wanakuja Jumatatu.

Nilimtazama akijaza. Alipofika swali la nne alisimamisha kalamu, akahesabu vidole, akaandika jibu tofauti na lile lililokuwa kwenye karatasi yake. Nikamwambia amekosea.

"Hapa mwalimu ameshaweka kosa, Babu. Lazima nikose. Sisi mstari wa dirishani tunakosa namba nne na namba saba. Wa mlangoni wanakosa namba mbili."

Alisema hivyo bila haya, kama anavyonieleza kwamba Jumatatu ni siku ya kupeleka fagio. Nimekaa kwenye mahakama na mikutano ya vyama vya ushirika kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeona hati za kughushi za kila namna. Sijawahi kuona mtoto akifundishwa kwamba hati nzuri ni ile yenye makosa machache yaliyopangwa.

Lakini hicho siyo kinachonitia kinyaa zaidi. Sahihi zile arobaini ni zangu.

Niandike ilivyokuwa. Januari tuliitwa mkutano wa wazazi. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi mwalimu mkuu akawa anasema kwa kupaza sauti. Alibandika ukutani karatasi ya manila yenye matarajio ya darasa kwa mwaka mzima: kufika kabla ya kengele, kucha fupi, fagio la chelewa, daftari zifunikwe kwa gazeti. Halafu likaja jambo jipya. Kila siku, Jumatatu hadi Alhamisi, mtoto atapewa kazi ya nyumbani. Mzazi ataikagua na kutia sahihi chini ya ukurasa wa wiki hiyo. Mwalimu ataisahihisha asubuhi yake. Tulipiga makofi.

Mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni. "Mwalimu, sisi wiki ijayo tunahamia shambani mpaka Aprili. Watoto tunawaacha na dada zao. Nani atasaini?"

Swali lilikuwa la haki. Nusu ya Lizaboni msimu wa mahindi haipo Lizaboni. Watu wanalala vibandani, mbali, wakilinda mahindi yasiliwe na nguruwe na nyani. Mwalimu mkuu alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi saini sasa hivi. Saini zote, mwaka mzima."

Watu walicheka, lakini kalamu zilikuwa zimeshatoka. Daftari zilizonunuliwa asubuhi hiyo zikafunguliwa juu ya mapaja. Bibi mmoja asiyejua kuandika aliletewa pedi ya wino kutoka ofisini. Alipofika ukurasa wa kumi na kitu aliinua mkono tukauona.

"Mwalimu, dole gumba hili litaisha kabla ya daftari!"

Nilicheka na mimi. Nilikuwa wa kwanza kumaliza. Kulikuwa na lori la kwenda Tunduru likinisubiri, kule kwenye habari za vito, na habari za vito wakati ule zilikuwa ndizo habari.

Siku tatu baadaye nilituma kutoka Tunduru taarifa fupi kuhusu shule ile. Niliandika kwamba wazazi wamekubali kwa kauli moja kufuatilia kazi za watoto wao kila siku. Kila neno lilikuwa kweli. Kukubali, walikubali. Zile sahihi za mapema niliziona kwa macho yangu na sikuziandika. Nilijiambia kwamba ni jambo dogo, na kwamba shule inajitahidi.

Taarifa ilitoka ukurasa wa tano. Mke wangu alifurahi, akaitumia kufunikia daftari la mtoto kabla halijapelekwa kabatini. Ndilo jalada la daftari hili hadi leo. Picha ya waziri fulani upande wa nyuma, na mimi mbele, nikisifu.

Ijumaa ile nikamwambia Fotunata anisomee alichoandika. Akasoma vizuri kabisa, bila kukwama, hadithi ya sungura na kisima. Nilikuwa nikitazama daftari. Pale palikuwa na maswali ya kuzidisha.

Nikaleta kitabu chake cha Kiswahili. Akasoma ukurasa wenye picha ya ng'ombe, wote. Nikafungua ukurasa mwingine, nikaifunika picha yake kwa kiganja. Akajaribu kukiinua kiganja changu aione picha. Nikamwonyesha jalada, kichwa cha habari yangu.

"Hiyo hatujafundishwa, Babu."

Nikamwonyesha neno lenye wino mwekundu, lile lililoandikwa mara arobaini. Akatabasamu, akafurahi kwamba hili analijua.

"Hiyo siyo ya kusoma. Hiyo ni ya mwalimu."

Januari ijayo anaingia darasa la nne, na mwisho wa darasa la nne kuna mtihani ambao hauna mstari wa dirishani. Mwaka mzima, kila niliporudi safari, nilimuuliza kama amefanya kazi ya shule. Alinijibu amefanya. Sikuwahi kusema, "Lete nione." Ninaowahoji kazini sijawahi kuwakubalia hivyo, hata diwani.

Jana asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wake. Anakaa Matogoro, nyumba ya vyumba viwili, nyanya zimepandwa hadi mlangoni. Nilimkuta anafua. Alinipa shikamoo, akanipa kigoda, akaendelea kufua. Alijua nilichofuata kabla sijakaa.

Nilimuuliza kwa nini.

"Mzee, darasa langu lina watoto mia moja na kumi na wawili. Wanaokaa chini ni wengi kuliko wanaokaa kwenye madawati. Nikisahihisha daftari mia moja na kumi na mbili kila siku, nafundisha saa ngapi?"

Nikamwambia angesema hivyo Januari.

"Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa umeshasaini." Akakamua shati. "Ulikuwa wa kwanza. Nakumbuka kwa sababu kalamu yangu uliondoka nayo."

Sikukataa. Huenda ni kweli.

Nilimuuliza ni watoto wangapi darasani kwake wanaojua kusoma. Swali la takwimu, kwa sauti yangu ya kazi. Akaacha kufua.

"Wanaojua kusoma nawajua kwa majina, mzee."

"Ni wangapi?"

"Nimekwambia nawajua kwa majina."

Nikauliza kama Fotunata anaweza kurudia darasa. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama mto unaweza kurudi ulikotoka. Wa darasa la pili wako mlangoni, alisema, wanasukuma, na kila mwaka ni wengi kuliko waliowatangulia. Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba hadi hapa kwenye kompyuta.

"Bwana mwandishi, ukiandika, andika. Mimi sitakimbia. Ila usiandike la kwangu ukaacha la kwako."

Nilitaka kumchukia mwalimu huyu. Ingekuwa rahisi. Nilipanda Matogoro nikiwa na sentensi ya kwanza ya habari kichwani, sentensi nzuri, kali, na ndani yake mimi sikuwemo. Nilishuka bila sentensi hiyo.

Nyumbani nilichukua kalamu nikafuta sahihi zangu, mstari mmoja juu ya kila moja. Nilifuta thelathini na nane. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa uji, na nilipozibandua zilichanika. Kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya "Vizuri", niliandika kwa herufi kubwa: Mtoto huyu hajui kusoma. Mimi babu yake sikukagua kazi hata moja. Nikaweka tarehe ya jana na sahihi mpya, ya arobaini na moja, ya kwanza ambayo ni ya kweli.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alianza kwa Kingoni, na akianza kwa Kingoni najua nimekosa. Kisha akanirudia kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha.

"Umejisafisha wewe. Haya. Jumatatu mkaguzi akifungua hapo, anayeitwa mbele ni nani? Anayechapwa ni nani? Wewe utakuwa Tunduru!"

Nililifunga daftari. Nilikuwa nimefanya tena kilekile cha Januari. Nimetia sahihi, nikainuka, nimwachie mtoto abebe daftari.

Uaminifu wa namna hiyo nao unanuka.

Safari ya Tunduru nimeiahirisha. Kesho sitampa Fotunata daftari hili. Nitalipeleka mwenyewe, mapema, kwa mwalimu kwanza, kisha kwa mwalimu mkuu, kisha kwa mkaguzi yeyote atakayekuwa amekaa ofisini, na nitaeleza nililofanya Januari kabla sijasema la mtu mwingine. Nikiulizwa kwa nini nilisubiri hadi Oktoba, nitasema ukweli, kwamba sikufungua. Baada ya hapo nitaandika habari, na aya ya kwanza itakuwa yangu. Mhariri akiikata, angalau atakuwa ameisoma.

Najua pia kwamba hayo yote hayatamfundisha mtoto kusoma. Mkaguzi ataondoka na gari lake saa nane, na watoto mia moja na kumi na wawili watabaki.

Leo baada ya misa nilikuwa nimekaa kibarazani navua viatu. Fotunata akaja na karatasi, ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa amelifungua daftari lake, akaona maandishi mapya ukurasa wa mwisho, akadhani ni kazi. Alikuwa amezinakili sentensi zangu zote mbili. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Kila herufi imekaa juu ya mstari, hakuna iliyopotea, hata nukta ameziweka mahali pake.

Mtoto huyu hajui kusoma.

"Babu, nimepata ngapi?"

Nilizikagua herufi zake moja baada ya moja, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Hakuna kosa hata moja. Alinisogezea kalamu nyekundu ya bibi yake, ile ya kuhesabia debe za mahindi, ili niweke vema.

Sikuweka. Nilimwambia kazi hii bado hatujaimaliza. Akanuna, akaichukua karatasi, akaenda kuibandika ukutani kwa ugali mkavu, juu ya kitanda chake, kwa sababu ni nzuri.

Nimeiacha pale. Kesho saa kumi na mbili, kabla ya uji na kabla ya wakaguzi, tutakaa chini yake sisi wawili. Tutaanza na neno la kwanza.