Bendera ya Uani Kwetu

Mpendwa Baba Neema,

Juzi dada yako Ruth alipiga simu tena. Kwao kulikuwa asubuhi, mimi ndiyo kwanza natoka kazini, viatu bado miguuni, na ungekuwepo ungenifukuza nirudi mlangoni nikavivue. Wewe Mmarekani uliyekulia nyumba ya kuingia na viatu hadi kitandani ndiye uliyegeuka askari wa viatu humu ndani. Ruth aliuliza lilelile: lini nitakurudisha nyumbani. Wazazi wenu wamelala nyuma ya kanisa, na pembeni yao kuna nafasi yako. Alilia sana. Sikumkasirikia, maana mtu anayemlilia kaka yake hana kosa.

Majivu yako bado yanatunzwa na watu wa makaburi. Sheria ya hapa hairuhusu yakae zaidi ya mwaka bila kuzikwa, na mwaka wenyewe unakimbia. Kila palipotokea jambo zito tulikaa meza ya jikoni, wewe na kahawa yako iliyopoa, mimi na chai yangu, mpaka tukubaliane. Hili nimeachiwa peke yangu, na linaniuma.

Mimi ndiye niliyekuleta huku. Ulikuja Kitale kufundisha hesabu, ukanikuta. Nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi Stockholm ukasema mahali ni mahali tu, ukanifuata na masanduku mawili na koti ambalo hata mvua ya Kitale lilikuwa halijaiweza. Tukapewa nyumba Hagsätra, mwisho wa reli, ambako treni ikishafika haina pengine pa kwenda. Ulipenda hilo. Ulisema huwezi kupotea, ukilala usingizi utaamshwa kwenu.

Ila hukuwahi kulala kwenye treni hiyo. Ulikuwa ukisalimia watu. Mtu amekaa zake dirishani anatazama simu, wewe unamuuliza siku yake imekuwaje. Nakumbuka yule bwana aliyejifanya anashuka, kisha tukamwona kupitia kioo amekaa behewa la mbele. Neema akawa anatembea hatua nyingi mbele yetu kila tukishuka, kichwa chini, akisema, "Pappa, sluta," acha baba, na wewe unacheka tu. Mimi nilikuwa nikiona haya kwa niaba yako. Sasa nakaa kwenye treni ileile, hakuna anayenisemesha, na siku nyingine natamani kumshika mtu mkono nimwambie siku yangu imekuwaje.

Kwenye jengo letu mambo yalikuwa yaleyale. Watu wa hapa wakisikia hatua kwenye ngazi hungoja nyuma ya mlango mpaka upite. Wewe ulikuwa ukisimama hapohapo kwenye ngazi kuwangoja watoke. Nikikuvuta unasema una muda.

Aliyekushinda ni Bwana Lennart wa ghorofa ya chini, mwenyekiti wa wakazi, mwenye funguo za chumba cha kufulia na kamba ya bendera ya uani. "Hej" yake, salamu ya hapa, ilikuwa fupi kuliko kikohozi. Kila Novemba ulimgongea mlango kumwalika kwenye sikukuu yenu ya shukrani, uliyoihamishia Jumamosi kwa kuwa hapa Alhamisi ni siku ya kazi kama nyingine. Bata mzinga hakuenea kwenye jiko letu, ukamkatakata vipande huku ukiomba radhi kwa marehemu mama yako. Wakenya wenzangu walikuja kutoka Jakobsberg na chapati, Mama Furaha, yule Mkongo wa Fittja, akaja na sombe, kisamvu cha kwao, na wewe ukatuombea chakula kwa Kiswahili chako kilichojaa Biblia. Bwana Lennart kila mwaka alijibu asante, yuko sawa. Kila mwaka ulimwachia sahani mlangoni, imefunikwa. Asubuhi sahani ilikuwa mlangoni kwetu, imeoshwa ikang'aa, bila neno.

Mimi nilikasirika. Nilikwambia kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, hata ukitia ndimu mbili. Ukasema, "Mama Neema, amekula. Mengine yatakuja."

Halafu ile siku ya bendera. Tulikuwa bado wageni. Ulinipigia simu kazini, ukauliza kama mfalme amekufa. Ulikuwa umetazama dirishani ukaona bendera ya uani iko nusu mlingoti, ukafungua redio ukakuta wanapiga muziki wa dansi, ukachanganyikiwa kabisa. Nikawauliza wenzangu wodini, wakanitazama kama mgonjwa. Ikabidi ushuke kumuuliza Bwana Lennart, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kukupa. Alikwambia amefariki bibi wa ghorofa ya pili. Kwenye majengo kama haya mkazi akifa bendera hushushwa nusu, siku ya mazishi vilevile, na ibada ikiisha hupandishwa mpaka juu kabla ya kutolewa.

Jioni ulikaa kimya, jambo ambalo kwako lilikuwa ugonjwa. Mwishowe ukasema kwenu bendera hushushwa kwa rais na kwa askari. "Huyu alikuwa akipika kwenye shule," ukasema. Ukarudi dirishani. Kisha ukatania kwamba wewe hawatakushushia, wataandika tu kwamba zamu yako ya kufua iko wazi. Tulicheka wote, ila nilikujua mume wangu. Kicheko chako kilikatika kabla ya changu.

Basi moyo wako ukakuangusha Februari, dukani, ukiwa umeshika mkate. Nimewauguza watu wengi wa moyo, nikawafariji wake zao kwa maneno mazuri, na ilipofika zamu yangu sikukumbuka hata moja. Watu walijaa nyumbani siku ileile. Jakobsberg, Fittja, hata watu niliokuwa sijawaona tangu harusi ya fulani na fulani. Viatu vilirundikana mpaka nje kwenye ngazi. Waliimba, wakapika, Mama Furaha akatawala jiko kwa Kiswahili na Kifaransa pamoja, na milango yote ya jengo ilikuwa imefungwa kimya. Nilisubiri Bwana Lennart aje kulalamikia kelele.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Asubuhi iliyofuata maziwa yaliisha, nikasema nitaenda mwenyewe, nipate hewa. Nilipokuwa narudi, theluji imenijaa kichwani, nikaona bendera ya uani iko nusu mlingoti. Nikajisemea, maskini, nani tena? Nikawaza yule mzee wa mkongojo. Nikapanda ngazi haraka, nina habari, na habari za jengo hili nilikuwa nakuletea wewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezipenda. Nikafungua mlango, nikaita kutoka hapo mlangoni, "Baba Neema, kuna mtu amekufa kwetu."

Waliokuwa sebuleni wakageuka. Mama Furaha akaja, akanipokea maziwa, akanivua koti kama mtoto.

Hapo ndipo nililia, Baba Neema. Hospitalini nilikuwa sijalia.

Hapa mazishi huchukua wiki nyingi, na ni katika wiki hizo Ruth alianza kupiga simu. Nilimwelewa kuliko anavyojua. Sisi wenyewe tunachangishana kila mwaka kumrudisha mtu wetu nyumbani, mwili mzima, akalale kwao. Wewe ulitaka kuchomwa, ukaandika kabisa, na mamangu Kitale mpaka leo hajalimeza hilo. Na mimi kila baridi ilipoanza nilikuapia kwamba ukinizika kwenye theluji nitafufuka nikutandike. Tulikuwa turudi wote Kitale tukizeeka. Kukuacha huku ni kujiacha na mimi, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, wala si Ruth.

Siku moja kabla ya ibada Bwana Lennart aligonga. Ameshika kofia mkononi. Nilingoja pole yake. Aliniuliza ibada itaisha saa ngapi. Nikamtajia saa, akaitikia kwa kichwa, akashuka. Nikamwambia Neema kwamba hata jiwe lina joto kuliko mtu huyu.

Tuliporudi nyumbani kutoka kanisani kesho yake, bendera ilikuwa juu kabisa. Bwana Lennart alikuwa amesimama chini yake, koti jeusi, kichwa wazi, mvua ya theluji inamnyeshea, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Wazee wawili watatu wa jengo walikuwa pamoja naye, wale wa nyuma ya milango. Nilipita mbele yao nikainamisha kichwa, nao wakainamisha. Chombo chako, mume wangu, hakikurudi kitupu.

Bado sikuamua. Nilizunguka na jambo hilo majira yote ya machipuko, hasira zikinishika, mara na wewe kwa kufa, mara na nchi hii kwa uzuri wake wa kuchelewa. Mwishowe nikamuuliza Neema, maana ni baba yake. Nilimuuliza kwa Kiswahili, kirefu, nikamweleza ya Ruth na ya Kitale. Akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake, bila kuinua macho kwenye sahani, "Men pappa bor ju här." Lakini baba anakaa hapa.

Leo nimempigia Ruth, nikamwambia utabaki hapa. Akauliza kama jina lako litaandikwa vizuri, lote, na la kati. Nikamwahidi. Atakuja kiangazi, na ameshaanza kuuliza avae nini, nikamwambia avae viatu vya kuvulika haraka.

Baada ya hapo nikapiga simu kwa watu wa makaburi. Yule mama aliyepokea ana sauti ya taratibu. Akauliza ni nafasi ya wangapi. Nilitazama dirishani, nikaona ule mlingoti mtupu. Nikasema wawili.

Kwa hiyo kazi ya kunitandika ni yako sasa, kwa kiapo nilichovunja. Usinisubiri kwa haraka, mtoto bado anataka mama. Lala hapo, Baba Neema, na uwasalimie jirani zako wapya mmoja mmoja kama ulivyozoea. Hao hawana behewa la kuhamia.

Mkeo,
Mama Neema