Sentimita Mbili za Mlango

Karakana ya Ndege za Serikali,
Nyumba za Wafanyakazi, Namba 14.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yako yamepata nafuu baada ya zile sindano ulizoniandikia. Shemeji hajambo? Na wale wapwa zangu wawili, bado wanagombania bafu kila asubuhi, au siku hizi kila mmoja ana lake? Wasalimie sana. Waambie mjomba wao bado ana meno yake yote, ukiondoa mawili.

Sisi huku hatujambo kiasi. Binti yetu amepata kazi kwenye duka la dawa na sasa anatutibu wote kwa lazima. Wifi yako ni mzima wa mwili, ila ameninunia tangu Ijumaa. Chai ananiwekea, maneno hanipi. Sababu utaiona huko mbele.

Baba hajambo. Nilizungumza naye jana kwa simu ya muuguzi wa zahanati yao. Moyo bado unamsumbua akitembea mwendo mrefu, lakini dawa anameza, na alinigombeza karibu nusu saa juu ya bati la jikoni linalovuja, kwa hiyo nikajua yu salama. Kuhama bado hataki hata kusikia. Anasema huo mto ameuzoea.

Hii ni mara ya nne naianza barua hii. Nikiandika mstari mmoja nainuka kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa. Nikirudi nakumbuka baiskeli ina pancha. Nina jambo la kukuambia, kwa simu nilishindwa, na hata hapa mwili mzima unalikwepa, basi wacha niseme tu.

Unaijua ndege ya Wizara ya Afya inayotua kule kwa Baba. Ndiyo iliyomchukua mwaka juzi ngiri ilipomkaza, barabara ikiwa chini ya maji wiki ya sita. Ndege hizo zilikuwa nne. Leo mbili ni mabati tu, moja inasubiri vipuri, na moja inaruka siku mbili kwa wiki, tena inaruka kwa sababu mimi na wenzangu tunaibembeleza. Mwaka jana serikali ikaamua kununua nyingine nne, ndogo, za injini moja. Itangazwe zabuni, kila kampuni ilete yake, na inayofaa zaidi ishinde. Ikaundwa kamati ya watu watano, na mimi nikatiwa humo kama mtaalamu. Dada, nilijiona mtu. Nilinunua kalamu mpya.

Mwenyekiti wetu ni mama mmoja wa ofisi ya ununuzi. Tunamwita Bi Nukta, maana karatasi haipiti mezani kwake kama nukta haijakaa mahali pake. Siku ya kwanza alinisukumia daftari akasema, "Fundi, sisi wengine hapa ndege tunaijua ikiwa juu. Wewe tuandikie vigezo. Ndege nzuri iweje?"

Niliandika mchana mmoja. Sikufuta hata neno. Mabawa yawe juu ya mwili, ili yasigonge vichaka. Propela iwe na nafasi ya sentimita kadha wa kadha kutoka ardhini, kwa sababu ya changarawe. Ngazi iwe na vidato vitatu. Mlango wa mizigo uwe na upana usiopungua sentimita mia moja ishirini na sita. Kurasa kumi na moja, na kila namba niliitoa kichwani bila kufungua kitabu. Wenzangu walinisifu mpaka nikaona haya. Bi Nukta alitafuta kosa akalikosa, akapiga muhuri.

Kampuni tatu zikaleta maombi. Ya kwanza ilianguka kwa sababu mabawa ya ndege yao yako chini, na hapo sina ugomvi na mtu. Ya pili tuliwaambia walete ndege tuione. Wakaileta. Nilishika futi mimi mwenyewe, mbele ya kamati, nikapima mlango wa mizigo: mia moja ishirini na nne. Nikarudia kupima. Mia moja ishirini na nne. Bi Nukta akaandika "haikidhi", akafunga faili. Ikabaki kampuni ya tatu peke yake, wakala wa ndege za aina ile ile ninayoitengeneza tangu nikiwa na nywele. Nilikwenda nyumbani nikipiga mluzi.

Wiki iliyofuata, wakala wa ile kampuni ya pili akaja karakana. Ni rubani mstaafu, mtu mzima, mpole, tai imemkaa upande. Nilidhani amekuja kufanya fujo nikajiandaa kwa maneno makali. Hakuja na fujo. Alikuja amebeba machela ya hospitali begani, akaifungua sakafuni, akaniomba futi yangu, akaipima. Sentimita hamsini na tano.

"Fundi," akasema, "zile mbili tulizopungukiwa ni za kupitishia nini? Naomba unifundishe, ili mara nyingine tusikosee."

Dada, yule mzee hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza kweli, kalamu mkononi. Ningepata matusi ningejua pa kuyaweka. Nilimwambia malalamiko yanapokelewa kwa maandishi ofisi ya ununuzi. Akanishukuru, akakunja machela yake akaenda.

Akaandika. Na barua yake ikaletwa kwangu, maana nani mwingine aijibu? Bi Nukta aliniwekea faili mezani na karatasi ndogo juu yake: mtaalamu aeleze sababu ya kila kipimo kilichopingwa, ndani ya siku saba.

Ndipo nilipotoa kitabu cha matengenezo cha ndege yetu, kile chenye jalada lililolowa mafuta, ili nitafute sababu. Nikafungua ukurasa wa vipimo. Nikaweka vigezo vyangu pembeni. Nilisoma mstari mmoja huku, mstari mmoja kule. Ngazi ya vidato vitatu. Nafasi ya propela. Mlango mia moja ishirini na sita. Mpaka mpangilio ulikuwa ule ule, Dada, cha kwanza cha kwanza, cha mwisho cha mwisho. Niliulizwa ndege nzuri iweje, na mimi nikaichora ile yangu kutoka utosini hadi unyayoni nikaiita vigezo. Ndege nyingine yoyote duniani ingefeli. Hakuna aliyenipa hata soda. Nilifanya kwa mapenzi.

Nilikaa pale jasho linanitoka kama niliyeiba.

Usifikiri nilikimbilia kuungama. Kwanza nilidanganya, na nilidanganya vizuri. Niliandika jibu la kurasa mbili kwamba upana ule ni kwa ajili ya friji za chanjo. Mpiga chapa akalichapa, likatoka safi, hata mimi nililiamini. Kisha nikaona afadhali niende stoo nikalipime friji lenyewe, ili niwe na namba. Sentimita sabini na mbili. Nililisukuma kando nikapima la pili, kana kwamba lingenihurumia. Nikachana lile jibu vipande vidogo, nikatia mfukoni, na wifi yako akavikuta akifua suruali.

"Umekula hongo," akasema. Hakuuliza, alisema.

Nikamwapia kwamba sijala.

"Sasa kinachokuwasha ni nini? Wenzako wanakula na wanalala. Wewe hujala na hulali!"

Ningecheka kama ningeweza. Nilimweleza kila kitu. Akaniuliza maswali matatu. Nikisema nilinakili, nani ataamini sikupewa kitu? Nikifukuzwa miezi ishirini kabla ya kustaafu, tukitolewa kwenye nyumba hii ya serikali tutaishi wapi? Na zabuni ikifutwa, ndege zitakuja lini? Wifi yako kaishia darasa la saba, lakini angefaa kuwa kwenye ile kamati kuliko mimi.

Swali la tatu ndilo lililonikosesha raha. Kufuta na kutangaza upya ni miezi saba, wenzangu wakikazana. Mvua zinaanza mwezi ujao. Nilizunguka na swali hilo siku nne. Kazini nilifunga nati moja mara tatu na kuifungua mara tatu, mpaka mwenzangu akanipokonya spana akaniambia nikapumzike. Sikupumzika. Nilikwenda hadi ile ndege ya kampuni ya pili, bado imeegeshwa kwenye uwanja wetu ikisubiri kibali cha kuondoka, nikaizunguka. Nilitaka niikute na ubovu. Nikalala chali chini yake, nikafungua vifuniko. Ni ndege safi. Inatua kwenye njia fupi kuliko yetu, na magurudumu yake ni mapana. Ile njia ya kule kwa Baba, inayogeuka tope, ingeiweza.

Wala sikuambii ni bora kuliko yetu. Mpaka leo naamini yetu ingeshinda, hasa kwa injini. Na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nimeiwekea ndege yangu ushindi wa mezani, wakati huenda uwanjani ingeshinda kwa nguvu zake. Sasa hata ikija itakuja na doa langu.

Ijumaa nikasimama mbele ya kamati. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Niliweka kitabu cha matengenezo mezani, nikaweka vigezo pembeni, nikamwambia Bi Nukta asome mwenyewe. Alisoma kwa kidole, kitabu hiki, karatasi hii, kama alivyozoea kutafuta nukta. Alipofika ukurasa wa tatu akavua miwani.

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Sikujua mapema, mama. Nilidhani naandika ninachokijua."

"Ulikuwa unaandika unachokipenda," akasema, na hakusema kwa ukali. Kisha akasema kwa sauti ya ofisi kwamba zabuni imefutwa na itatangazwa upya, kwa vigezo vitakavyoandikwa na watu wasiopungua watatu, vikianza na mgonjwa na kiwanja, siyo na ndege. Mimi nimeondolewa kwenye kamati, na nimesimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Funguo za karakana nilizikabidhi saa tisa alasiri. Aliyezipokea ni kijana niliyemfundisha mimi kushika spana, na hakuweza kunitazama usoni.

Yule rubani mstaafu alinipigia simu jana kunishukuru. Nilimjibu vibaya, nikakata. Sikutaka shukrani yake. Nitampigia kumwomba radhi nikitulia, sijui lini.

Basi ndivyo tulivyo. Wifi yako ananuna kwa haki yake. Uchunguzi wanasema ni wiki sita. Huenda wakaniamini, huenda wasiamini. Nakaa kwenye kiti, nainuka, nakaa kwenye kingine.

Sasa nifike kwa lile ninalokuomba. Ndege mpya hazitakuja kabla ya mvua, na ile moja inayoruka nimeiacha mikononi mwa wengine. Nataka kumtoa Baba kule. Jumatano napanda basi la alfajiri, nikamchukue kabla mto haujajaa, akae hapa kwetu miezi mitatu, au huko kwingine tutakakokuwa. Nimemwambia jana, akanicheka. Mimi kwake bado ni yule mtoto aliyefungua redio yake akashindwa kuifunga. Wewe ndiye mtu pekee anayemsikiliza. Barua hii nampa jirani anayesafiri kesho kuja huko, itakufikia Jumanne. Tafadhali mpigie siku hiyo hiyo, kwa simu ya yule muuguzi. Mlilie ikibidi. Mwambie unaumwa na unataka awe mahali penye simu nzuri, mwambie lolote, ili nikifika nimkute amefunga mizigo.

Na jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya nichane karatasi tatu kabla ya hii. Huko utasikia watu wa nyumbani wakisema mdogo wako alikuwa mkweli, wengine watasema alikuwa mjinga aliyeteleza. Wote wasikupoteze. Niliposimama Ijumaa nilikuwa nimeshaihesabu ile miezi. Nilijua mvua zinaanza lini na nilijua Baba yuko ng'ambo ya mto na moyo wake ule. Akikataa kuja, na likatokea la kutokea, asije mtu akakufariji kwamba sikujua. Nilijua, Dada, na nikasimama.

Nisalimie Shemeji, wapwa zangu, na yule mama jirani yenu aliyenitumia soksi. Wifi yako atakusalimu mwenyewe akianza tena kusema. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe sauti nzuri siku ya Jumanne.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Fundi