Mashavu Yaliyojaa Hewa

Indianapolis,
Jumatano, 16 Aprili

Kwako dada yangu mpendwa Yolanda,

Pokea salamu zetu nyingi, na ziwakute wote wazima huko Gary: goti lako limepoa, na Micah bado anawachosha majirani kwa maneno. Sisi hapa hatujambo. Mwanangu Nyla ameng'oka jino la mbele na kila akizungumza anapiga mluzi bila kukusudia. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaohangaika. Utaniwia radhi kwa mwandiko huu, maana tangu niandike tarehe hapo juu nimeinuka kitini mara nne. Mara moja nimekwenda kuzima jiko, na jiko lenyewe halikuwa limewashwa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu, dada, wewe ni mkubwa wangu: unauliza, unajibu mwenyewe, unakata shauri, halafu unaniaga. Safari hii nataka nimalize. Umeniambia shule yetu inataka jibu kuhusu nafasi ya Micah kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, kwa hiyo barua hii naipeleka posta ya haraka leo hii ikufikie kesho. Isome yote ndipo unipigie. Nakuomba sana, yote.

Nakumbuka ulivyopiga kelele jina la Micah lilipotoka kwenye bahati nasibu ya nafasi za shule. Nafasi arobaini, majina zaidi ya mia tatu, na wewe hata nyumba ya kuhamia huku ulikuwa hujaipata. Ukasema Mungu hajalala. Nikasema amina, na tangu siku hiyo chakula hakinipiti vizuri.

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo. Nyla alipoanza pale hakujua herufi hata moja, na kabla ya Krismasi alikuwa akinisomea maandishi ya kwenye boksi la konfleksi na kunikosoa nikikosea. Darasani kwangu, darasa la pili, nina watoto ishirini na sita, na ishirini na wawili kati yao wanasoma kuliko nilivyosoma mimi nikiwa na umri wao. Hujasahau shule yetu sisi, yule mwalimu aliyekuwa akitupa karatasi za kupaka rangi kisha anafungua gazeti lake mpaka kengele. Hapa hakuna mwalimu wa gazeti. Hapa hata kwenda chooni kuna dakika zake.

Ila kuna jambo la mstari ambalo sijawahi kukueleza sawasawa. Sakafu ya korido zetu ina utepe wa buluu, umebandikwa kutoka mlango wa mbele mpaka bwalo la chakula. Mtoto anatembea juu ya utepe, mikono nyuma, na mashavu ameyajaza hewa mpaka yamevimba. Sisi tunaita kujaza puto. Mdomo uliojaa hewa hauwezi kusema, ndiyo maana yake. Tunawafundisha siku ya kwanza kabisa, kabla ya herufi A, na mimi, nisijisifu, nafundisha vizuri kuliko wote, hata wimbo wake nimeutunga. Ukutani kuna ubao wenye rangi, na kila mtoto ana kibanio cha nguo chenye jina lake. Akitoa sauti kwenye mstari, kibanio kinashushwa kutoka kijani hadi njano, kutoka njano hadi nyekundu, na darasa zima linaona. Wageni wakija hushangaa kuona watoto mia tatu wanapita huku vinasikika viatu tu.

Mwalimu mkuu wetu, Bi. Whitlock, si mtu mbaya. Anafika kabla ya wapishi, na baridi ikianza huwanunulia makoti watoto wasio nayo, wala hasemi. Anaamini kwamba watoto wa mitaa yetu wamenyimwa utaratibu kuliko walivyonyimwa kitu kingine chochote, na asiyeujua utaratibu dunia itamla. Nami nilimwamini. Hata sasa asubuhi namwamini, ikifika saa sita mchana simwamini tena.

Basi, mwezi Machi ulikuwa wa kibali. Shule ya mkataba kama yetu hupewa kibali cha miaka mitano, kisha wanakuja watu wa mji kuamua kama iendelee au ifungwe, na watu hao husoma yale ambayo wazazi na walimu wameandika mtandaoni, kwenye ukurasa ule wa kuzipa shule nyota. Sisi tulikuwa na nyota tatu na nusu. Bi. Whitlock akatuambia kwenye mkutano wa Jumatatu kwamba mwalimu atakayeandika maoni yake, ya kweli bila shaka, atapewa kadi ya kumruhusu kuvaa jinzi kila Ijumaa mpaka likizo ya mwisho wa mwaka. Usicheke, dada. Wewe kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali unavaa suruali yako ya mpira kiunoni siku nzima. Hujui maana ya kusimama kwa saa nane na sketi na soksi ndefu za nailoni, unachuchumaa kufunga kamba za viatu vya watu. Mwalimu wa darasa la nne aliandika ya kwake kabla mkutano haujaisha.

Kulikuwa pia na maoni ya mzazi mmoja, nyota moja tu, tangu Januari, na hayo yalimchoma Bi. Whitlock. Aliyaonyesha ukutani tukayasoma wote. Yalisema: "Mwanangu anasoma vizuri, nashukuru. Lakini mmemfundisha kunyamaza hata mahali ambapo mtoto anatakiwa kulia, na sijui nani atamfundisha upya." Bi. Whitlock akasema hahitaji kuambiwa, hiyo ni sauti ya Bw. Odell Crump. Huyo ni mzee aliyekuwa dereva wa basi la mji, analea mjukuu wake aliye darasani kwangu. Huja kwenye kila mkutano wa wazazi na kiti chake cha kukunja, kwa sababu anadai vyetu vimetengenezewa sungura. Ni yeye anayesema kwamba shule yetu ni ya serikali kwa pesa na ya jeshi kwa adabu. Walimu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao.

Bw. Crump akaitwa ofisini, na mimi nikaitwa kwa kuwa mtoto ni wangu darasani. Bi. Whitlock alizungumza naye kwa upole sana. Alimwambia kwamba mji huu una shule nyingi, na familia isiyoridhika haina haja ya kujitesa wakati kuna watu wengi kwenye orodha wanasubiri. Wote watatu tulijua anachosema. Mzee akaomba asomewe yale maoni. Aliposomewa akavua miwani, akaomba asomewe tena. Kisha akasema, "Mama, hayo si yangu, ila aliyeyaandika mnunulieni soda. Mimi nikiwa na neno nakupa usoni, kama hivi. Wewe umewahi kuniona nimejificha?" Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza mwalimu, wewe unayewaona wazazi kila siku hapo mlangoni, humjui?

Nikamwambia simjui. Ilikuwa Ijumaa, dada, na nilikuwa nimevaa jinzi.

Tangu siku hiyo fomu za kuendelea mwaka ujao zimegawiwa darasani kwangu, ishirini na tano. Ya mjukuu wa Bw. Crump haijaja. Mtoto ananiuliza kila asubuhi kama nimeipoteza, na mimi namwambia aingie kwenye mstari.

Sasa nimefika ninapopaogopa. Nimeinuka tena nikanywa maji, nimerudi.

Jumapili ile uliyonipigia, ulinisomea maoni ambayo ndiyo yaliyokuondolea wasiwasi. Yale ya nyota tano: "Mimi ni mwalimu hapa na mzazi pia. Korido zetu ni tulivu kama kanisa. Ningemleta hapa mtoto yeyote ninayempenda." Ukasema laiti ungemjua mama huyo ungemwokea pai ya viazi vitamu. Nikakujibu kwamba pai ni wazo zuri. Dada, mama huyo ni mimi. Niliandika nimesimama, kwenye chumba cha walimu, kwa dakika tatu, nipate kadi. Na yale ya nyota moja ni yangu vilevile. Mkono ni huu huu mmoja. Kinachoniudhi ni kwamba utulivu ni wa kweli na kusoma ni kwa kweli, na aliyesikitika Januari alisikitika kweli. Uongo ni lile neno la mtoto yeyote ninayempenda. Nilipoliandika sikumfikiria Micah, na haikunijia akilini kwamba wewe ungelisoma.

Unayakumbuka mazishi ya Mama, mwezi ule wa Januari. Tulipopanga mstari wa kwenda kumuaga, Nyla alikuwa mbele yangu, mikono nyuma, mashavu yamejaa, macho mekundu. Wewe ukawanong'oneza watu wa benchi la mbele kwamba mtazameni mtoto wa miaka sita anavyojikaza asilie. Baadaye, tulipokuwa tunakula kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, ukiwa na sahani yako ya makaroni ya jibini, ukaniuliza kajifunza wapi adabu ile. Nikakujibu kwamba ni shuleni, tena kwa majivuno. Ukasema basi na Micah ataomba nafasi huko. Mimi nilisikia raha, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Tukiwa garini kurudi nyumbani, Nyla akaniuliza kama bibi ameona kwamba hakuharibu mstari. Nikamuuliza mstari gani. Akasema ule wa kanisani. Alitaka kumwambia bibi kwaheri kwa sauti, maana bibi alikuwa hasikii vizuri, lakini mtu haongei kwenye mstari, kwa hiyo alingoja mpaka atoke. Alipotoka na kugeuka, jeneza lilikuwa limefungwa. Hakulia hata aliponieleza. Alinieleza kwa mpangilio mzuri kabisa, jinsi tunavyowafundisha, kwanza hiki, kisha hiki. Hajamuaga bibi yake, Yolanda, na wimbo wa kujaza puto ni mimi niliyeutunga.

Unajua kwa nini nakwambia. Baba yake Calvin alipofariki, Micah alikaa miezi kumi na minne bila kutamka neno. Siku aliyofungua mdomo kuomba kechapu ulinipigia ukiwa kazini, unalia katikati ya mashuka ya hospitali, unarudia kechapu, kechapu, mpaka nikadhani umeungua. Tangu hapo hajanyamaza, na wewe hujamwambia anyamaze hata mara moja, hata kanisani. Ndiye huyo tunayemleta kwenye utepe wa buluu. Na akipangiwa darasa langu, mimi mama yake mdogo ndiye nitakayemwambia, jaza mashavu, Micah.

Sikwambii uikatae nafasi. Shule iliyo karibu na nyumba unayoitaka ina watoto thelathini na tatu kwa darasa, na tangu Septemba wamebadilishiwa mwalimu mara tatu. Huenda Micah akasoma kwetu kuliko kwingine kokote. Wewe ndiye mama yake na jibu ni lako. Nilitaka tu usijibu kwa kunitegemea mimi, kumbe mimi mwenyewe nilisema hivi na vile.

Kesho kabla ya kengele nitaingia kwa Bi. Whitlock na karatasi yenye maoni yote mawili, na jina langu nimeliandika chini ya kila moja. Kadi ya jinzi nitamrudishia. Nitamwomba fomu ya mjukuu wa Bw. Crump, na nisipopewa nitasubiri hapo hapo mlangoni kwake. Mikataba ya walimu inatolewa Mei, na huenda yangu isitoke. Naogopa, sikufichi. Nikikosa kazi tutakuja kulala kwenye makochi yako huko huko Gary, na utanisimanga mpaka nizeeke.

Nisalimie wenzako wa kufulia, na mchungaji, na yule jirani wa ghorofa ya juu anayelalamikia kelele za Micah, umwambie azidi kulalamika. Micah mwenyewe umwambie mama mdogo anataka apigiwe simu, na azungumze mpaka betri iishe. Goti lisuguliwe mafuta, usilipuuze.

Nyla ameingia sasa hivi, ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia mama mkubwa. Akauliza kama Micah atakuja shuleni kwetu. Nikamwambia bado haijulikani. Amefikiri kidogo, kisha ameniomba nikuandikie kwamba akija, aje wiki moja mapema, ili amfundishe kujaza mashavu nyumbani polepole, kwa sababu Micah anapenda sana kuongea na yeye Nyla hataki mwenzake apate nyekundu siku ya kwanza.

Wako mdogo, anayekupenda na kukuomba radhi,

Shavonne