Perege wa Mwanaidi

Jumanne, baada ya Isha

Nimeshamfukia chini ya mpapai, lakini yule perege bado ananitazama.

Mimi, bingwa wa samaki Makorora nzima, niliyewazalisha samaki wa milia wa Amerika ya Kati kwenye tangi la kioo! Jana mdogo wangu Mwanaidi karudi kutoka Mwera na perege wake kwenye ndoo, kapewa na babu.

"Kaka, hao wako hawang'ati?"

Nikamcheka. "We mtoto, hawa na perege ni ukoo mmoja. Ndugu humla nduguye?"

Nilijua jike katagia jiweni. Nilijua wakishataga hawataki hata kivuli kiwapitie. Ila nilitaka sifa, nikammimina perege wake humo humo tangini.

Asubuhi perege alikuwa pembeni, mapezi hana, jicho limebaki moja, bado anahema. Sikumtoa. Nilisimama tu mpaka akaacha.

Mwanaidi hakulia. Kauliza, "Kaka, na mie ndugu yako?"

Nikacheka, kama kawaida yangu.

Sasa kahamishia mkeka wake kwa mama. Na wale wawili tangini wanayapepea mayai yao kwa mapezi, wapole kama wazazi wa mtu.