Shati la Babu Yako Likatwe

Mutheu mjukuu wangu,

Huku Kasikeu tumeamka salama, na mbuzi wa mama yako amezaa mapacha. Umeuliza kama nitaumia ukikata lile shati laini la marehemu babu yako, ushone vitambaa vya kutolea vipodozi, vya kufua na kutumia tena.

Nilipokuwa msichana kule Matinyani, baba alifariki, na mama akakata fulana yake, akatushonea vitambaa vya kuoshea uso. Shangazi, dada ya baba, alimkuta na makasi. "Unamkata ndugu yangu? Kesho utakata na kofia?"

Mama akasema, "Kwa sanduku inaliwa na mende. Hapa inapangusa watoto wake."

Shangazi akashikashika kile kitambaa. Kisha akaomba kimoja.

Kwa hivyo kata, mjukuu wangu. Tumia mgongo, mabega yamechakaa kwa mitungi ya maji aliyonibebea. Shona tabaka mbili, ukunje ukingo usifumuke.

Asante kwa kuniuliza kwanza. Nami nishonee kimoja. Sijipaki chochote, lakini uso ninao.

Susu, nyanya yako anayekupenda